Mota ya Mlango wa Maji: Ifungwe Vipi Isije Ikaua Mtu

Ndugu mkulima, wewe uliye katika skimu ya kunyunyiza mashamba wajua vyema kazi ya mlango wa maji. Ni bamba la chuma lililowekwa mahali mfereji unapogawanyika. Bamba likiinuliwa, maji hupita kwenda mashambani. Likishushwa, maji huzuiliwa. Tangu skimu za Mwea na Perkerra zilipoanza katika miaka ya 1950, wakulima wamezoea kuona milango ya namna hii ikizungushwa kwa mkono, kwa usukani na parafujo ndefu.

Kazi hiyo huchosha, na usiku wa mvua ni kazi ya hatari. Kwa hiyo kikundi cha wakulima kikisha kupata stima, hufikiri mara moja juu ya kuweka mota iinue na kushusha mlango. Fikira hiyo ni njema. Lakini mota hii si kama ile ya kinu cha posho. Mota ya kinu huzunguka upande mmoja tu, tena hukaa ndani ya nyumba kavu. Mota ya mlango wa maji huzunguka pande mbili, upande wa kufungua na upande wa kufunga, na yeye aiendeshaye husimama matopeni, mikono imelowa. Mambo hayo mawili ndiyo yaletayo hatari, na yafaa uyafahamu kabla kikundi chako hakijatoa hata shilingi moja.

Makala hii haikusudii kukufanya uwe fundi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka kazi ya kufunga stima ifanywe na fundi mwenye leseni, na mamlaka itoayo leseni hizo ni EPRA. Lakini wewe na kamati yako ndio mnaolipa, na watoto wenu na ng'ombe wenu ndio wanaopita kando ya mfereji. Mkijua kinachotakiwa, mtaweza kumwuliza fundi maswali yafaayo na kukataa kazi mbovu.

Yote tutakayosema yanatoka katika jambo moja: usalama wa watu usitegemee kumbukumbu ya mtu. Mtu huchoka, hushikwa na usingizi, huwa na haraka. Mtambo ufungwe kwa namna ambayo hata mtu akikosea, kosa lake lisiweze kuua.

MAJI HUONGEZA NGUVU YA STIMA MWILINI

Ngozi kavu huzuia stima kwa kiasi fulani. Ngozi iliyolowa haizuii sana. Mafundi hupima uzuiaji huo kwa omu, na kwa mtu aliyelowa huhesabu omu kama 1,000 hivi. Stima ya nyumbani ni volti 240. Gawanya 240 kwa 1,000, utapata karibu robo ya ampea, yaani miliampea 240.

Sasa linganisha. Miliampea kama 10 tu zaweza kuikaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachilia alichoshika. Zikizidi 30 na kuendelea kupita kifuani, moyo waweza kuacha kupiga sawasawa. Basi mtu aliyelowa akigusa waya wa volti 240 apata mara nyingi zaidi ya kile kinachoweza kumwua. Tena mota kubwa za mlango huendeshwa na stima ya fezi tatu, ambayo kati ya fezi moja na nyingine ina volti 415.

Wanyama nao wako hatarini, pengine kuliko watu. Stima ikivuja ardhini huenea katika matope, ikiwa na nguvu nyingi karibu na mahali inapovuja na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe akisimama, miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, kwa hiyo mguu mmoja hukanyaga penye stima nyingi na mwingine penye stima kidogo. Tofauti hiyo hupita mwilini mwake, njia ya moyo. Ndiyo maana ng'ombe aweza kuanguka mahali ambapo mchungaji wake amehisi mtetemo tu. Ukiona ng'ombe wenye kiu wanakaribia maji karibu na mtambo, wanagusa kwa ulimi, kisha wanarudi nyuma, usiwachape. Huenda wamehisi stima ambayo wewe mwenye viatu vya mpira huihisi. Zima swichi kuu, kisha uite fundi.

MOTA HUGEUZWA VIPI

Mota ya fezi tatu huletewa nyaya tatu zenye stima. Zikiunganishwa kwa mpango mmoja, mota huzunguka upande wa kulia. Ukibadilishana nyaya mbili zozote, ya tatu ukaiacha mahali pake, mota huzunguka upande wa kushoto. Hiyo ndiyo siri yote.

Kazi ya kubadilishana nyaya haifanywi kwa mkono kila siku. Hufanywa na swichi mbili za sumaku, ambazo mafundi huziita kontakta. Kontakta ya kwanza hupeleka stima kwa mpango wa kufungua. Ya pili hupeleka stima kwa mpango wa kufunga. Ukibonyeza kitufe cha "FUNGUA", sumaku ya kwanza huvuta. Ukibonyeza "FUNGA", huvuta ya pili.

Hatari ni hii. Kontakta zote mbili zikivuta kwa wakati mmoja, fezi mbili hukutana uso kwa uso bila kupitia mota. Hapo hutokea mlipuko ndani ya sanduku. Shaba huyeyuka na kuruka kama cheche za mhunzi, na mtu aliyesimama mbele ya sanduku lililo wazi aweza kuungua uso na macho. Kosa la kuzibonyeza zote mbili ni rahisi sana gizani. Kwa sababu hiyo hapana budi kuweka vizuizi.

VIZUIZI VIWILI, SI KIMOJA

Kizuizi cha kwanza ni cha chuma. Ni kipande kidogo kinachowekwa kati ya kontakta mbili, kama mtu aliyesimama kati ya fahali wawili. Moja ikivuta, kipande hicho huizuia nyingine isisogee.

Kizuizi cha pili ni cha waya. Waya unaopeleka stima kwenye sumaku ya kontakta ya kufungua hupitishwa kwanza katika kontakta ya kufunga, mahali panapokatika kontakta hiyo inapovuta. Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Basi moja ikiwa kazini, sumaku ya nyingine haiwezi kupata stima hata ukibonyeza kitufe mpaka kidole kiume.

Kwa nini viwili? Kwa sababu kila kimoja kina udhaifu wake. Kontakta iliyochakaa huweza kuganda, ikabaki imevuta ingawa kitufe kimeachiliwa. Kipande cha chuma nacho huweza kuvunjika au kulegea. Vikiwa viwili, kimoja kikishindwa chapo cha pili. Fundi akikwambia, "Kimoja chatosha, mzee, tupunguze gharama," mwambie hapana.

Tena mota isigeuzwe ghafula. Mota inayokwenda upande mmoja ikilazimishwa mara moja kwenda upande wa pili, huvuta stima nyingi mno na kuipinda parafujo. Fundi aweke kifaa cha kuhesabu muda, ili baada ya mota kusimama zipite sekunde chache kabla ya kukubali amri ya upande mwingine.

Usisahau kinga ya mota yenyewe, ile mafundi waiitayo ovalodi. Gogo likikwama chini ya mlango, mota itajikaza na kupata moto. Ovalodi huikata kabla nyaya zake hazijaungua. Kipimo chake chapaswa kulingana na ampea zilizoandikwa katika kibati cha mota. Ikijikata mara kwa mara, usiongeze kipimo. Tafuta gogo.

MLANGO UJUE MAHALI PA KUSIMAMA

Mtu akisahau kuachilia kitufe, mlango utapanda mpaka parafujo itoke, au utashuka mpaka uvunje sakafu ya mfereji. Kwa hiyo huwekwa swichi za kikomo, moja juu na moja chini. Mlango ukifika juu, huigusa swichi ya juu, na mota husimama. Swichi ya juu ikate safari ya kupanda tu, ili mlango uweze kushuka tena. Ya chini ikate safari ya kushuka tu. Kupita hapo iwepo swichi nyingine ya mwisho kabisa, ambayo ikiguswa hukata kila kitu mpaka fundi aje.

Hapa pana mtego ambao umewaponyoka hata mafundi wazoefu. Tuseme transfoma imeharibika, ikatengenezwa, na nyaya mbili za fezi zikarudishwa kwa kubadilishana. Taa zitawaka kama kawaida, na hakuna atakayejua. Lakini mota zote za fezi tatu sasa zazunguka kinyume. Mgawa maji abonyeza "FUNGUA", na mlango washuka. Wafika chini, waigusa swichi ya chini. Lakini swichi ya chini imefungwa ili ikate amri ya "FUNGA", si amri ya "FUNGUA". Mota haisimami. Yaendelea kusukuma mpaka kitu kivunjike, na maji yasiyo na njia yapanda juu ya kingo za mfereji na kuingia mashambani.

Dawa yake ni kifaa kidogo kinachotazama mpango wa fezi. Fezi zikibadilishana, au moja ikikosekana, kifaa hicho hukataa mota isianze. Bei yake si kitu ukilinganisha na mlango uliovunjika wakati wa kupanda. Na kila mara baada ya stima au transfoma kutengenezwa, au mtambo kuhamishiwa kwenye jenereta, jaribuni mlango kwanza ukiwa katikati, mbali na juu na chini, kwa kubonyeza kidogo tu na kutazama waenda upande gani.

KITUFE KISHIKWACHO KIWE NA STIMA NDOGO

Mahali pa hatari kuliko pengine pote ni kitufe chenyewe, kwa kuwa ndicho mtu hukishika kwa mkono uliolowa. Wako wanaopeleka volti 240 mpaka kwenye kitufe kilicho kando ya maji. Jambo hilo halifai. Kifuniko kikipasuka na maji yakaingia, kitufe chageuka kuwa mtego.

Kontakta zaweza kuendeshwa kwa volti 24 tu. Fundi huweka ndani ya sanduku transfoma ndogo ya usalama, ambayo nyaya zake za kuingia na za kutoka zimetengwa kabisa, na hiyo hutoa volti 24 kwa ajili ya vitufe na swichi za kikomo. Ile stima kubwa hubaki sandukuni na katika mota. Hata kitufe kikijaa maji, mgawa maji atapata kazi iliyosimama, si mauti. Lakini nyaya za volti 24 zisipitishwe paipu moja na nyaya kubwa, maana ganda likichubuka stima kubwa itavamia ndogo, na faida yote itapotea.

Vitufe vya "FUNGUA" na "FUNGA" viwe vya namna ya kushikilia: ukishika mota yaenda, ukiachilia yasimama. Namna hii yafaa kwa sababu mbili. Kwanza, mwenye kuendesha lazima asimame pale pale akitazama mlango, aone kama mtoto anachezea chini yake. Pili, stima ikikatika na kurudi usiku, mlango hautaanza kwenda wenyewe. Tena kiwepo kitufe kikubwa chekundu cha kusimamisha kila kitu, mahali ambapo hata mgeni atakiona na kukifikia bila kuingia majini.

WAYA WA ARDHI NA SWICHI YA RCD

Kila chuma ambacho mtu aweza kukigusa chapaswa kuunganishwa na waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Chuma hicho ni mwili wa mota, sanduku, fremu ya mlango, usukani, ngazi na vyuma vya kushikia. Waya huo huishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini, na fundi authibitishe kwa kipimo, si kwa macho. Fimbo iliyopigwa katika udongo mkavu wa mwezi wa Februari yaweza kutoa kipimo tofauti na cha mwezi wa Mei, kwa hiyo ipimwe wakati wa kiangazi, ardhi inapokuwa mbaya kuliko siku zote.

Lakini waya wa ardhi peke yake hautoshi kando ya maji. Fyuzi nayo haitoshi, kwa maana imewekwa kulinda nyaya, si kulinda mtu. Fyuzi ya ampea 20 haitakatika kwa robo ya ampea ipitayo mwilini mwako. Kinachomlinda mtu ni swichi ya RCD. Hiyo hulinganisha stima inayokwenda na ile inayorudi. Kama kiasi fulani kimepotea njiani, yaani chavuja kupitia maji, ardhi au mwili wa mtu, hujikata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Takeni ile ya miliampea 30.

RCD ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyezeni kila mwezi, mtu mmoja aliyechaguliwa na kamati, aandike tarehe kitabuni. Ikikosa kujikata, zimeni mtambo siku hiyo hiyo, msingoje. Na ikiwa yajikata yenyewe mara kwa mara, msiiondoe wala msiifunge waya wa kuipita. Inawaambia kwamba stima yavuja mahali fulani. Anayeiondoa ni kama mtu aliyemwua mbwa wake kwa kuwa alibweka mwizi alipokuja. Mkitumia jenereta, mwambieni fundi mapema, kwani jenereta isiyounganishwa na ardhi inavyotakiwa huifanya RCD isifanye kazi yake.

Jambo moja la rangi. Katika majengo ya zamani nyaya za fezi ni nyekundu, manjano na buluu, na waya mweusi ni nyutro. Nyaya za mtindo mpya huwa na fezi za kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Yaani mweusi uliokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Mahali zamani na mpya zinapokutana, fundi aandike alama wazi, na mtu yeyote asiamini rangi bila kupima.

SANDUKU LIKAE WAPI

Waulizeni wazee maji ya mafuriko makubwa yalifika wapi, na sanduku likae juu ya alama hiyo. Lisiwekwe juu ya mfereji wenyewe. Likae kando, mahali pakavu, penye paa, ambapo mtu aweza kulifikia wakati wa mafuriko bila kupita majini.

Sanduku na mota viwe vya kukinza maji. Tazama herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata. Ya kwanza yahusu vumbi, ya pili maji. Sanduku la IP65 halipenyi vumbi, na laweza kurushiwa maji ya bomba. Kifaa cha IP67 chaweza hata kuzama kwa muda mfupi, dakika 30 katika kina cha mita moja. Swichi ya kikomo ya chini, iliyo karibu na maji, yapaswa kuwa ya namna hii.

Lakini sanduku la IP65 lililotobolewa ovyo si IP65 tena. Nyaya ziingie kutoka chini, si kutoka juu. Kila tundu liwe na glandi yenye mpira unaobana waya, na tundu lisilotumika lizibwe. Kabla ya kuingia, waya upindwe chini kidogo kama tumbo la kamba, ili matone ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya mpaka ndani. Siafu na mijusi hupenda joto la kontakta, na mjusi mmoja aweza kuwasimamishia maji skimu nzima.

IKIWA MOTA NI YA FEZI MOJA

Vikundi vidogo huwa na stima ya fezi moja tu, volti 240. Mota yake hugeuzwa kwa njia nyingine. Ndani yake mna nyaya za kukimbizia na nyaya za kuanzishia. Ili kuigeuza, hubadilishwa ncha za moja kati ya hizo, si zote mbili.

Mota ya namna hii ina tabia moja ya kuhadaa. Nyingi hukata nyaya za kuanzishia zikisha kushika mwendo. Kwa hiyo ukiigeuza swichi wakati mota ingali inazunguka, haitasikia. Itaendelea upande ule ule wa kwanza. Mwendeshaji atadhani mlango unapanda, kumbe unashuka. Lazima isimame kabisa kwanza. Tena swichi kuu yake ikate nyaya zote mbili, fezi na nyutro. Na fundi ajue kwamba kapasita yake hubaki na stima hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo aimalize nguvu kabla ya kuigusa.

KUFULI NA MPINI

Karibu na mota iwepo swichi ya kuitenga na stima, yenye tundu la kufuli. Mtu akitaka kutoa gogo, kupaka grisi au kufungua sanduku, azime swichi hiyo, atie kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake mwenyewe. Asimwachie mwenzake, wala asitegemee neno la "nimezima." Kisha apime kwa kipimo: kwanza mahali penye stima ili ajue kipimo ni kizima, halafu pale atakapogusa, kisha arudi tena pale pa kwanza.

Mlango wa mota wapaswa kuwa na mpini wa mkono pia, kwa maana stima hukatika siku ile ile mvua inapokuwa kubwa. Lakini mpini ukiwa umechomekwa na mota ikaanza, utazunguka kwa nguvu na kuvunja mkono wa aliyeushika. Fundi aweke swichi ambayo hukata mota mara tu mpini unapoingizwa. Hapa tena twaona jambo lile lile: tusitegemee mtu kukumbuka.

AJALI IKITOKEA

Ukiona mtu ameshikwa na stima, au ameanguka majini karibu na mtambo, usimguse na usiingie majini. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao. Kimbilia swichi kuu kwanza. Kila mtu wa nyumba zilizo karibu, na watoto pia, aonyeshwe swichi hiyo iko wapi.

Stima ikisha kukatwa, mtoe majini. Asipopumua, mlaze chali mahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane, msiache mpaka apumue au mpate msaada wa daktari. Na aliyenusurika apelekwe hospitali ingawa asema hajambo, kwa kuwa moyo waweza kusumbuka baadaye.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Kabla ya kumlipa fundi fungu la mwisho, kamati isimame naye mbele ya mtambo na kumwuliza haya:

1. Leseni yako i wapi, na ingali haijaisha muda?
2. Kontakta mbili zina kizuizi cha chuma na cha waya pia?
3. Vitufe vya kando ya maji ni vya volti 24?
4. Tuonyeshe mlango ukisimama wenyewe juu na chini.
5. Fezi zikibadilishana, mota itakataa kuanza?
6. RCD ni ya miliampea 30? Ijaribu mbele yetu.
7. Kipimo cha waya wa ardhi kilikuwa nini? Kiandike.
8. Kufuli itaingia wapi?
9. Mpini ukichomekwa, mota yakatika?
10. Mchoro wa nyaya u wapi? Ubaki nasi, ndani ya mfuko wa plastiki, katika mlango wa sanduku.

Fundi mwema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi kuona kwamba kazi yake yatazamwa na watu wanaoifahamu. Anayekasirika, mtafuteni mwingine.

Ndugu mkulima, maji ni uhai wa skimu yako, na stima yaweza kukupunguzia jasho. Lakini usiku ule wa mvua utakapomwamsha mgawa maji, naye akashuka mferejini na tochi moja na macho yaliyojaa usingizi, hatakumbuka makala hii. Basi nyaya zikumbuke kwa niaba yake.